Kuipeleka Familia Fort Jesus na Kurudi na Afya Njema

Uwe Lindi, Mashimoni, Silanga, Laini Saba au Makina, au unatusikiliza kutoka Kawangware, vuta kiti, punguza moto wa jiko, tuzungumze.

Shule zinapokaribia kufungwa, swali moja huulizwa katika nyumba nyingi: mwaka huu watoto tutawapeleka wapi? Wengi huenda mashambani kwa babu na nyanya. Wengine, waliojiwekea akiba kidogo kidogo katika chama, husema mwaka huu ni Mombasa, watoto wakaone Fort Jesus waliyoisoma vitabuni. Ni jambo jema. Leo tutaeleza jinsi ya kupanga safari hiyo, lakini kwa upande ambao husahaulika watu wanapohesabu nauli, yaani upande wa afya. Kwa mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi, kuna hatari ambayo haijitokezi njiani wala kule Mombasa. Hujitokeza siku kumi au wiki tatu baada ya kurudi, nguo zimekwisha kufuliwa na majirani wamekwisha kuonyeshwa picha. Hatari hiyo ni malaria.

Kwanza tuijue nyumba tunayoiendea. Wareno walianza kuijenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitaliano aliyeitwa Giovanni Battista Cairati, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, na mzingiro huo ukaendelea kwa karibu miaka mitatu, hadi Desemba 1698 ngome ilipotekwa. Mwaka 1697 meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome ilipokuwa imekuja kuwasaidia waliozingirwa. Vitu vilivyoopolewa kutoka humo vimewekwa ndani ya makumbusho, na watoto huvipenda. Lakini mimi kama mtu wa afya, jambo linalonigusa zaidi katika habari ya mzingiro ule ni hili: waliokuwa ndani waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko mizinga. Baadaye, kuanzia 1895 hadi 1958, ngome ilitumiwa kama jela. Mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiorodhesha kuwa urithi wa dunia. Mengine mwachieni mwongoza wageni awaeleze, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa turudi kwa malaria. Huenda unajiuliza, "Lakini mbu si wako hapa Lindi pia? Watoto wangu wanaumwa na mbu kila usiku." Ni kweli, mbu wako, tena wengi. Lakini mbu wengi tunaowaona karibu na mitaro inayoteremka kuelekea Mto Ngong na Bwawa la Nairobi ni jamii ya mbu wanaopenda maji machafu, na hao si waenezaji wa malaria. Anayeeneza malaria ni anofelesi wa kike, ambaye kwa kawaida hutaga mayai katika maji yasiyo machafu hivyo: madimbwi ya mvua, kingo za vijito, mashimo yaliyochimbwa udongo. Tena Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kuna baridi. Kimelea cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mwili wa mbu. Baridi ikizidi, mbu hufa kabla kimelea hakijawa tayari kumwingia mtu. Ndiyo sababu maambukizi ya malaria hapa mjini ni machache mno.

Jambo hilo ni baraka, lakini lina upande wa pili. Mtoto anayekulia Kisumu, Busia au Kwale huumwa na mbu wa malaria mara nyingi, na akinusurika miaka ya mwanzo, mwili wake hujifunza kupigana na ugonjwa huo. Kinga hiyo si kamili, lakini humpunguzia makali. Mtoto wa Lindi hajapata somo hilo. Siku anapoumwa na mbu mwenye vimelea, mwili wake haujui adui ni nani, na malaria inaweza kumlaza kitandani ghafla, ikampanda kichwani katika muda wa siku moja au mbili.

Baba mmoja alituuliza: "Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, nimekuja Nairobi miaka kumi na miwili iliyopita. Mimi nina kinga, au sivyo?" Jibu ni kwamba usiitegemee. Kinga ya malaria hudumu kwa kuumwa mara kwa mara. Ukiishi miaka mingi mahali pasipo na malaria, kinga hupungua mpaka ukawa karibu sawa na mgeni. Na watoto wako hukuwarithisha kinga hiyo eti kwa kuwa ni damu yako. Jambo moja ambalo mzazi huweza kumrithisha mtoto ni selimundu. Mtoto mwenye selimundu, yaani ugonjwa ule wa chembe za damu kupinda kama mundu, akipata malaria huwa katika hatari kubwa zaidi. Huyo asipande gari kabla ya kumwona daktari wake na kuhakikisha ana tembe zake za kila siku.

Kweli, malaria ya Pwani si kama ile ya kanda ya Ziwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulipata vimelea kwa watoto 19 katika kila 100 waliopimwa kanda ya Ziwa, na Pwani idadi ilikuwa chini sana ya hapo. Ndani ya kisiwa cha Mombasa penyewe hatari ni ndogo kuliko vijijini Kilifi na Kwale. Sisemi haya ili mtu avunje safari. Nasema ili ujue kwamba hatari ndogo kwa mwenyeji si hatari ndogo kwa mgeni.

Basi tupange.

Anza wiki mbili kabla ya safari, usianze jioni ya kuondoka. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, umwambie mhudumu: tunaenda Mombasa, tutakaa siku kadha, tuko watu wazima wawili na watoto watatu, na umri wao ni huu. Muulize kama mnahitaji tembe za kukinga malaria. Tembe hizo ni za aina kadhaa. Kuna zinazoanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya kufika, na baadhi yake ni lazima uendelee nazo wiki nne baada ya kurudi. Kuna aina isiyofaa kwa mama mjamzito wala kwa mtoto aliye chini ya miaka minane. Kwa hiyo usinunue dukani kwa kuwa jirani alizitumia, na usimkatie mtoto nusu ya tembe yako. Mama mjamzito hasa ningemshauri aiahirishe safari hii ikiwezekana, kwa maana malaria humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni.

Siku hiyo hiyo hakikisha familia imesajiliwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Piga *147# kwa simu yako ufuate maelezo. Ukiugua ugenini hutaki kuanza kutafuta kitambulisho na cheti cha kuzaliwa saa sita usiku.

Kama kuna anayetumia dawa za kila siku, iwe ni za shinikizo la damu, za sukari, za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, hesabu tembe za siku zote za safari, kisha ongeza za wiki nzima. Gari huharibika. Treni hujaa. Dawa zikae kwenye mkoba unaoushika mkononi, wala si katika sanduku linalopakiwa chini ya basi, ambako joto huzidi na mizigo hupotea. Insulini iwekwe mahali penye ubaridi, isipigwe na jua. Na hulazimiki kumweleza mwenyeji wako tembe zako ni za nini.

Kuhusu wakati, ningekuwa ni mimi ningechagua likizo ya Agosti. Desemba kila mtu yuko Mombasa, nauli za mabasi hupanda, joto ni kali, na mvua za vuli zimetoka kunyesha. Aprili ni mwanzo wa mvua za masika, ambazo huacha madimbwi kila mahali. Agosti jua lina adabu kidogo. Kwa treni kutoka Syokimau, nauli ya daraja la chini ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na watoto wadogo hulipa nusu. Kata tiketi mapema. Treni huchukua kama saa sita kufika Miritini, na mtoto anaweza kwenda msalani bila kuomba gari lisimame. Ukienda kwa basi, chagua la mchana, mfunge mtoto mkanda, na umpe chakula chepesi. Mtoto aliyejazwa chipsi kabla ya kuanza safari atazirudisha zote kabla hamjafika Mtito Andei.

Sasa kuhusu malazi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo jambo linapoamuliwa. Wengi wetu hatulali hotelini. Tunalala kwa shangazi Kisauni, kwa binamu Likoni, au kwa rafiki Changamwe. Mbu wa malaria huuma kuanzia machweo hadi alfajiri, na huuma zaidi usiku wa manane watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo lile shati la mikono mirefu la jioni ni zuri, na mafuta ya kufukuza mbu ni mazuri, lakini kinachomlinda mtoto hasa ni neti iliyotiwa dawa, iliyochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka, na isiyo na tundu. Ibebe yako kutoka nyumbani. Serikali inapogawa neti za bure kwa wingi hulenga kaunti zenye malaria, na mwenyeji wako huenda alipewa zinazotosha watu wake tu. Ukifika na watoto watatu, hao watatu ndio watakaolala sebuleni bila neti.

Watu huona haya kufika kwa watu na neti. Huhofia mwenyeji atasema, "Kumbe nyumba yangu ina mbu?" Lakini ukimwamkia vizuri na kumweleza, hakuna ubaya wowote. Mwambie, "Shikamoo, shangazi. Tumekuja na neti zetu, kwa kuwa daktari ametuambia watoto wa Nairobi hawana kinga ya malaria kama wenu." Atakuitikia marahaba na kukutafutia msumari na kamba. Beba kamba yako pia.

Siku ya kuzuru ngome yenyewe, toka mapema, ufike lango linapofunguliwa asubuhi. Beba kitambulisho, kwa sababu Mkenya hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje, na mtoto hulipa kidogo zaidi. Saa tano zikishafika mawe yale huwa yamepata moto, na uwanja wa ndani una jua kali. Kila mtoto awe na kofia na chupa yake ya maji, anywe kabla hajasema ana kiu. Tazama mkojo wake: ukiwa wa manjano iliyokolea, hajanywa ya kutosha. Mtoto akilegea, akaumwa kichwa na kichefuchefu, mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mpanguse kwa kitambaa chenye maji, umpe maji kidogo kidogo. Asipopata nafuu upesi, au akianza kuchanganyikiwa, huyo ni wa hospitali. Waonyesheni watoto birika lililokuwa likikusanya maji ya mvua kwa ajili ya askari, nao wataelewa kwamba hata wenye mizinga walihitaji maji ya kunywa. Na wasiachwe kupanda kutani peke yao. Kuta ni ndefu, na chini ni mawe.

Baada ya hapo watoto watataka kula. Dafu lililokatwa mbele yako ni salama na ni tamu. Viazi karai na mahamri yanayotoka moto kwenye karai, kula. Sharubati iliyotiwa barafu usiyoijua maji yake, iache, na vilevile achari na matunda yaliyomenywa tangu asubuhi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama yanaonekana meupe, kwa kuwa nyumba nyingi za Mombasa hutumia maji ya visima. Weka paketi nne za ORS mkobani. Mtoto akiharisha mwanzie hiyo mara moja. Na mkienda kuogelea, mtoto asiwe mbali na mkono wako hata kidogo. Bahari si Bwawa la Nairobi, ina mawimbi na mikondo.

Nikumbushe pia kwamba Mombasa imewahi kukumbwa na milipuko ya dengi, na ya chikungunya iliyoanza Desemba 2017. Mbu wake huuma mchana, naye hutaga katika maji safi yaliyokaa kwenye mitungi, matangi na magurudumu ya zamani. Kwa hiyo mtu akipata homa huko au baada ya kurudi, mpe panadoli tu kabla hajapimwa. Asipewe aspirini wala brufeni, kwa sababu kama ni dengi, dawa hizo zinaweza kumsababishia kuvuja damu.

Haya, mmerudi Lindi salama. Hapa ndipo wazazi wengi hufunga daftari la safari, na hapa ndipo mimi naomba ulifungue upya. Kimelea cha malaria kikiingia mwilini hujificha kwanza kwenye ini. Kwa kawaida homa haitokei kabla ya siku saba tangu kuumwa na mbu. Mara nyingi hutokea kati ya wiki ya pili na ya nne, na pengine hata baada ya miezi miwili au mitatu. Ikitokea, hufanana na mafua tu: mwili moto, baridi, kichwa, viungo kuuma, kukosa hamu ya chakula, na kwa mtoto mara nyingi kutapika na kuharisha. Sasa fikiria mambo yanavyokwenda mtaani kwetu. Mama anampeleka mtoto duka la dawa, anauziwa dawa ya mafua. Siku ya tatu anakwenda kliniki, anaambiwa huenda ni homa ya matumbo, anapewa dawa nyingine. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Mhudumu wa Nairobi huona watoto wengi wenye homa kila siku, na wengi wao hawana malaria. Hawezi kujua kwamba huyu alilala Kisauni wiki mbili zilizopita, usipomwambia.

Kwa hiyo mwambie. Neno hilo liwe la kwanza, hata kabla hujaulizwa: "Tumetoka Mombasa tarehe fulani. Naomba mtoto apimwe malaria." Iandike tarehe ya kurudi kwenye daftari la kliniki la mtoto, ili hata nyanya au dada wa nyumbani akimpeleka aweze kulionyesha. Nenda siku hiyo hiyo homa inapoanza, usingoje kesho. Kipimo ni tone la damu kidoleni, na kile cha haraka hutoa jibu baada ya dakika kama ishirini. Kisipoonyesha malaria na homa ikaendelea, rudi upimwe tena siku inayofuata.

Ikipatikana, malaria ya kawaida hutibiwa kwa dawa ya mseto ya AL, ambayo humezwa mara sita katika siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, yaani ukimeza saa mbili asubuhi, meza tena saa kumi jioni, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Mtoto anywe na maziwa au chakula chenye mafuta, ili dawa iingie mwilini vizuri. Akitapika kabla ya nusu saa, dozi hiyo irudiwe. Homa ikishuka siku ya pili, usimwekee ndugu yake tembe zilizobaki. Zimalizwe zote.

Dalili za hatari ni hizi: degedege, kutapika kila anachopewa, kulala na kutoamshika, kushindwa kunyonya au kunywa, kupumua kwa shida, macho kuwa ya manjano, viganja kupauka, au mkojo mweusi kama chai ya rangi. Ukiona hata moja, usipitie duka la dawa na usingoje kukuche. Amsheni jirani mwenye pikipiki au gari, mwende hospitali, Mbagathi au nyingine yoyote inayolaza wagonjwa, na mkifika mlangoni mtaje Mombasa.

Kabla hatujapokea simu zenu, kuna mama wa Lindi aliyeuliza, "Na zile neti tukirudi nazo?" Mama, zitundike papo hapo nyumbani, zitawapunguzia kelele za mbu wa mtaroni. Ukizifua tumia sabuni ya kipande na maji baridi, uzianike kivulini ili dawa isiharibiwe na jua. Desemba mkienda Siaya au Kakamega kwa sikukuu, zikunje uziweke juu kabisa ya begi, kwa sababu huko mbu wa malaria ni wengi kuliko wa Mombasa.